Mwezi Uliobaki Asubuhi

Katika mwaka wa tatu wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, Ciakuthii alikuwa na kisa na mwezi. Wengine katika kijiji kile cha kuhamishiwa, juu kidogo ya Kianjokoma, walikuwa na kisa na homugadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali, na wengine na wapiganaji wa msituni waliokuja kudai chakula kwa nguvu. Lakini yeye, kila alipojiuliza ni nani hasa aliyemfichua mumewe, moyo wake ulimjibu kuwa ni mwezi. Usiku ule mumewe, Rwamba, alikuwa amejificha katika migomba, nyuma ya boma lao la zamani. Askari walipita mara mbili bila kumwona. Walipopita mara ya tatu wingu likasogea, uwanja wote ukajaa mwanga, na kivuli cha Rwamba kikalala chini, kirefu, kina kichwa na mabega na mikono yote miwili. Askari wakakifuata kivuli hadi wakampata mwenyewe. Sasa alikuwa kizuizini, mwaka mmoja na miezi minne.

Tangu siku hiyo, mwezi ukianza kunenepa, Ciakuthii alianza kukonda. Hakulala. Aligeuka huku na huku kitandani kama mtu aliyelalia mahindi mabichi, akisikiliza viatu vya doria vikipita nyuma ya nyumba. Na mtoto huiga alichonacho mamaye: Igoki, binti yake wa pekee, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa ameziba kwa kipande cha kanga kitundu kimoja kilichokuwa katika nyasi za paa. Hata hivyo, kabla ya kulala aliuliza kila mara, "Mama, umeshapita au bado unatutazama?"

"Umepita," Ciakuthii alisema, hata ulipokuwa haujapita.

Kijiji chenyewe kilikuwa na nyumba mia mbili zilizobanana kama punje katika gunzi. Kilizungukwa na handaki lililojazwa miti iliyochongwa ncha. Kilikuwa na mlango mmoja, mnara mmoja wa mlinzi, na hedimani mmoja, mkuu aliyewekwa na serikali. Alfajiri filimbi ililia, watu wakahesabiwa, kisha akina mama wakapelekwa kuchimba handaki jingine kubwa zaidi kandokando ya msitu. Jioni waliporudi walifunguliwa mlango kwa muda wa saa moja tu, wakimbilie mashamba yao ya zamani kuchuma mboga na kung'oa nduma. Saa hiyo waliiita saa ya kiondo, kile kikapu cha kubebea mgongoni. Aliyechelewa kurudi alipigwa, na aliyerudi bila kitu alilala njaa.

Jumamosi alasiri hapakuwa na kuchimba. Siku hiyo lori la serikali lilimleta Bi Hidaya, mke wa Abubakar mwenye bucha mjini Embu, kuwafundisha akina mama tisa kushona, kusoma na kuandika Kiswahili. Bi Hidaya alikuwa mnene, mcheshi, na mwenye sauti iliyofaa kuuzia nyama ingawa muuzaji alikuwa mumewe. Alifundishia katika banda la nyasi lisilo na dirisha, na wanafunzi wake waliandika kwa makaa juu ya vipande vya mbao.

Jumamosi moja, siku mbili baada ya mwezi mpevu, alisema, "Andikeni: Mwezi unaangaza usiku."

Mbao nane zikakwaruzwa. Ciakuthii aliweka yake chini.

"Mwalimu, kwa nini?"

"Kwa nini nini, Mama Igoki?"

"Kwa nini unaangaza? Nani aliuomba?"

Wenzake wakaangua kicheko. Ajuza mmoja, bibi wa kila mtu, Cucu Ciarunji, ambaye alikuja darasani kwa ajili ya kupumzisha miguu, alisema, "Muulize Ngai aliyeuumba, mwanangu, usimsumbue mke wa mwenye bucha."

"Msumbueni tu," alijibu Bi Hidaya. "Kule dukani naulizwa kila siku mbona mfupa ni mwingi kuliko nyama. Hili la mwezi ni jepesi."

Akapekua mkoba wake, akatoa kioo kidogo cha mviringo chenye mgongo wa bati, alichotumia kupakia wanja. Akasimama mlangoni penye jua, akakielekeza ndani. Duara la mwanga likaruka juu ya ukuta wa giza, likatetemeka hapo.

"Huu mwanga ni wa nani?"

"Wa kioo," alisema mmoja.

"Kioo kina moto ndani yake? Kina taa? Kigusisheni shavuni."

Wakakipitisha mkono kwa mkono. Kilikuwa baridi.

"Ni wa jua," alisema Marigu, aliyekuwa mdogo kuliko wote, mwanamke wa miaka ishirini ambaye mumewe aliingia msituni siku arobaini baada ya harusi.

"Umepata. Na mwezi ni vivyo hivyo. Hauna moto wala taa. Ni mawe na udongo tu. Usiku jua halijazimika, ila sisi na dunia yetu tumeligeuzia kisogo, hatulioni. Lakini mwezi, kule juu uliko, unaliona. Jua linaupiga, na ule mwanga unaturudia sisi huku chini. Ila msije mkasema Bi Hidaya amewaambia mwezi ni kioo. Kioo hurudisha kwa ukali, kinaumiza. Mwezi ni kama barabara ya vumbi wakati wa kiangazi. Vumbi lina taa? Halina. Lakini litazame saa sita mchana, macho yatakutoka machozi."

"Kwa hiyo wote huu ni mwanga wa kuazima," Cucu Ciarunji alisema kwa masikitiko. "Hata mwezi nao!"

"Kama viatu vya hedimani," Marigu alinong'ona. "Vinang'aa, lakini mate ni ya mtu mwingine."

Wakacheka huku wameziba midomo kwa viganja, maana kituo cha homugadi hakikuwa mbali. Ciakuthii peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeambiwa kuwa mchawi aliyemshuku mwaka mzima amekuwa kiziwi na kipofu tangu kuzaliwa. Mwezi haukujua. Uliangaziwa, nao ukaangaza. Alitaka kufurahi, lakini alichokipata ni wasiwasi mpya. Ikiwa si mwezi, basi hasira yake aipeleke wapi?

Bi Hidaya alikuwa na desturi moja, na hakumsamehe yeyote aliyeivunja: kila aliyejifunza jambo darasani alipaswa kumfundisha mtu mmoja nyumbani kabla ya Jumamosi nyingine. Na kwa kuwa kioo kilikuwa kimoja, alikiacha kijijini kizunguke. Kila mmoja akae nacho siku moja, kisha jioni amkabidhi mwenzake. Zamu ya Ciakuthii iliangukia Jumatatu. Baada yake alikuwa Marigu.

Jumatatu hiyo ukungu uliondoka mapema. Watu walikuwa wameshahesabiwa na walikuwa wakisubiri kuitwa kwenda kuchimba. Igoki alitoka nje, mara akarudi mbio akajificha kwenye sketi ya mamaye.

"Mama, umetufuata mpaka mchana!"

Ciakuthii akachungulia. Kweli, upande wa magharibi, juu ya msitu, mwezi ulikuwa umekaa, mweupe, umemegeka ubavu kidogo. Akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Akachukua kioo, akasimama mlangoni, akamfundisha mtoto kama alivyofundishwa yeye: jua hili hapa, mwanga huu ukutani, kioo baridi shavuni.

"Na mwezi pia ni baridi?"

"Ni baridi. Ni jiwe. Haukutazami, maana hauna macho."

Igoki akakigusa tena shavuni. Kisha akacheka, kicheko ambacho Ciakuthii hakuwa amekisikia tangu wahamishwe. Akakinyakua kioo kwa mikono miwili, akaanza kukichezesha. Duara la mwanga likakimbia ukutani, likapanda paa, likaruka hadi kwenye mnara, likatokomea upande wa miti. Likarudi. Likaenda tena. Ciakuthii aliyeshiba kicheko cha mtoto wake alichelewa kidogo kumnyang'anya, na muda huo mdogo ulitosha. Filimbi ikalia mnarani. Lakini filimbi zilikuwa nyingi siku hizo, na yeye aliidhania kuwa ya kuwaita kazini. Akatia kioo katika kiondo, akachukua jembe lake, akaenda. Jioni, njiani kutoka handakini, akamkabidhi Marigu kama ilivyopangwa.

Walipofika mlangoni wakakuta umefungwa, na mbele yake amesimama Hedimani Misheck, mtu mrefu mwenye kofia ya kaki, aliyesoma misheni na kusema kila jambo kana kwamba analisoma katika kitabu.

"Leo asubuhi," alisema, "mtu mmoja wa kijiji hiki amewaashiria watu wa msituni kwa kioo. Mara tatu. Mlinzi ameona. Wakubwa walishatuonya kuwa hawa watu hutumia vioo na vifuniko vya mikebe. Basi saa ya kiondo imekwisha. Haitakuwapo leo, wala kesho, mpaka nimpate."

Mlinzi mwenyewe alikuwa Elphas, mdogo wake Rwamba. Alisimama nyuma ya hedimani akitazama ncha za viatu vyake.

Siku iliyofuata walipekua nyumba zote. Walichoma mikuki katika nyasi za paa, wakamwaga unga, wakapindua vitanda. Chini ya ngozi ya kulalia ya Marigu wakakuta kioo cha mviringo chenye mgongo wa bati. Tena mume wake alikuwa msituni. Wangetaka nini zaidi?

"Umekitoa wapi?" Misheck aliuliza mbele ya watu wote.

Marigu aliinua uso. Macho yake yalipita juu ya wale wanawake wanane wa darasa la Bi Hidaya, polepole, mmoja baada ya mwingine, wala hayakusimama kwa yeyote.

"Nimekiokota njiani."

"Njia gani?"

"Njia tunayopita."

Alipigwa kofi, akafungiwa katika ghala la kituo. Misheck akatangaza kuwa lori la Embu litamchukua Alhamisi asubuhi, ahojiwe na wale wanaojua kuhoji, na kwamba mlango hautafunguliwa hadi lori liwe limeondoka naye.

Tangu saa hiyo Ciakuthii hakutulia. Alikaa akasimama, akasimama akakaa. Alisonga unga wa mwisho akasahau kuutia chumvi. Aliosha sufuria iliyokuwa safi. Handakini alichimba kwa pupa hata wenzake wakamwambia apunguze, asije akawaharibia kipimo cha kazi. Kila alipofumba macho aliyaona yale macho ya Marigu yakipita juu yake bila kusimama. Angetazamwa, angalau angekuwa na la kukasirikia.

Jumanne usiku Cucu Ciarunji alijikokota hadi kwake, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Sisi wote tunajua Jumatatu ilikuwa ya nani," alisema kwa sauti ya chini. "Na hakuna atakayesema. Sikiliza, mwanangu. Marigu hana mtoto. Wewe ukipelekwa, huyu atalala kwa nani? Mimi ni wa kufa kesho. Baba yake hayupo. Shangazi zake wako Ruiri na pasi ya kusafiri haitolewi. Nyamaza. Wakati mwingine kunyamaza ndiko kulea."

"Na wakimuua huko, cucu?"

"Basi tutamlilia."

Ciakuthii alimtazama ajuza yule, akaona kuwa hakusema kwa ubaya. Alisema kwa hesabu, kama mtu anayegawa viazi vitatu kwa watoto watano. Na hilo ndilo lililomtisha, kwa sababu hesabu yenyewe ilikuwa sahihi.

Jumatano jioni Elphas alipita, bunduki begani, akajifanya anafunga kamba ya kiatu mbele ya mlango wake.

"Shemeji, uso wako unakusema. Ufiche."

"Uliona mwanga ulikotoka, Elphas?"

"Niliona." Alivuta kamba, akaifungua, akaifunga tena. "Nilimwambia hedimani ulitoka safu ya pili ya nyumba. Safu ya Marigu. Kaka akirudi anikute nimekuangusha wewe? Sasa usinifanye mwongo."

"Umekwisha kuwa mwongo."

"Basi usinifanye mwongo aliyejulikana," alisema, akaondoka upesi.

Usiku ule mwezi ulichelewa kutoka. Igoki alikuwa amelala fofofo kwa mara ya kwanza bila kuuliza swali lake, kile kipande cha kanga amekitoa katika kitundu akajifunga kichwani kama bibi arusi. Alikuwa amepona hofu yake. Ciakuthii alikaa kando yake akimpapasa mbavu, akizihesabu chini ya ngozi moja moja, maana ilikuwa siku ya tatu ya mahindi makavu. Akawaza: nikisema, atakosa mama. Nisiposema, atakuwa na mama aliyenyamaza, naye siku moja atakuwa mkubwa na ataelewa ni kioo gani kilichompeleka Marigu, na ni mikono ya nani iliyokuwa ikikichezesha. Aliyapindua mawazo hayo mpaka jogoo wa kituo akawika, na hakuwa amefika mahali popote.

Alhamisi, jua lilipokwisha kupanda, waliitwa wote uwanjani. Misheck alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya kituo. Mkewe alikuwa amemletea chai na yai la kuchemsha juu ya sahani, chakula ambacho wazee wengi bado walikidharau kuwa cha watu wa misheni, lakini asubuhi ile hapakuwa na jicho uwanjani ambalo halikulitazama. Marigu akatolewa ghalani. Alikuwa bado na majani makavu nyweleni, na mdomo wake ulikuwa umevimba. Akasimamishwa kando kungoja lori.

Ciakuthii hakukata shauri. Alijikuta tu amekwisha kwenda hatua sita mbele, na nyuma yake mkono wa Cucu Ciarunji ukishika hewa.

"Mzee, mwachilie. Kioo kilikuwa kwangu Jumatatu. Mwanga ulitoka mlangoni kwangu."

Misheck alikiweka kikombe chini taratibu.

"Mlangoni kwako ni safu ya nne. Mlinzi alisema safu ya pili. Elphas!"

Elphas alisogea hatua moja. "Mzee, jua lilinipiga machoni. Mtu aliyepigwa na jua huona safu mbili mahali pa moja."

"Tutaonana baadaye." Akamgeukia Ciakuthii. "Ulikuwa ukimwashiria nani?"

"Hakuna, mzee. Nilikuwa nikimfundisha mtoto wangu kwa nini mwezi unaangaza usiku."

Kicheko kikawatoka homugadi wawili. Misheck hakucheka.

"Asubuhi? Umfundishe habari za usiku asubuhi?"

"Mwezi ulikuwapo, mzee. Hata sasa upo." Akanyosha kidole. Vichwa vyote vikageuka. Katikati ya anga la magharibi, juu ya msitu, ulikuwapo, nusu kamili sasa, umefifia katika buluu ya mchana. Wengi wao waliuona kila mwezi maishani mwao, wala hawakuwahi kusimama na kuutazama. "Hauna nuru yake. Ni jiwe. Jua ndilo linaloupiga. Kioo kilikuwa cha kuonyeshea hilo, basi."

"Maneno hayo mtu anaweza kuyatunga njiani," Misheck alisema. "Nitajuaje? Nikupe kioo uniangazie tena na kule wakuone?"

"Hapana, sikitaki kioo." Ciakuthii alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta kijiti cha kumuua nyoka. Sauti ya lori ilikuwa imeanza kusikika mbali, ikipanda kilima kutoka Kianjokoma. Hapo macho yake yakaangukia sahani. Jua la asubuhi lilikuwa likilipiga yai upande mmoja, na upande mwingine ulikuwa na kivuli. Akatazama juu. Akatazama tena chini. Jambo hili Bi Hidaya hakulifundisha.

"Nipe hilo yai, mzee."

"Yai langu?"

"Siku ya nne hatujala," sauti ya mwanamke ilisikika nyuma, "na yeye anaomba la kuanzia!"

Kicheko cha njaa kikapita uwanjani, kikavu. Ciakuthii hakungoja ruhusa. Alilichukua yai kwa vidole viwili, akanyosha mkono wake wote kuelekea mwezi, akalisogeza hadi yai na mwezi vikakaa kando kwa kando.

"Njoo usimame hapa nilipo. Fumba jicho moja. Yai lina taa ndani yake, mzee? Halina. Sasa tazama limeng'aa upande gani, na mwezi nao umeng'aa upande gani. Kivuli cha yai kiko wapi, na mahali mwezi usipoonekana ni wapi."

Misheck aliinuka. Alikuwa mtu wa kujiheshimu, na kumwendea mwanamke mbele ya watu hakukumpendeza. Lakini alikwenda. Akalichukua yai mwenyewe, akanyosha mkono wake mrefu, akafumba jicho. Alikaa hivyo kwa muda ambao mtu angeweza kusali sala fupi.

"Nusu," alisema kwa sauti ndogo, isiyo ile ya kitabuni. "Na nusu. Upande ule ule."

Basi na wengine wakataka kuona. Hawakuwa na mayai. Cucu Ciarunji alikuwa wa kwanza kukunja ngumi yake na kuinyosha kuelekea mwezi, jicho moja limefumbwa. Aliye kando yake akafanya vivyo hivyo, kisha safu nzima, kisha uwanja mzima: mamia ya wanawake wenye njaa, kila mmoja ameinua ngumi kuelekea msitu.

Vyuma vya bunduki vikalia. Homugadi wa mlangoni alikuwa ameshapiga goti na kulenga. Kutoka mahali alipokuwa hakusikia habari za yai wala za mwezi. Aliona ngumi tu.

"Teremsheni!" Misheck alipiga kelele huku mkono wake mwenyewe ukiwa bado hewani na yai. "Teremsheni mikono! Wewe, usipige! Usipige, ni mwezi! Wanatazama mwezi!"

Ngumi zikashuka. Yule wa mlangoni alibaki amelenga kwa kitambo, kisha akashusha mtutu, na kila mtu akasikia jinsi alivyotoa pumzi. Igoki, aliyekuwa hajaelewa lolote, alibaki peke yake ameinua kangumi kake, hadi Marigu aliponyosha mkono na kumshushia.

Misheck alirudi kitini. Alionekana kama mtu anayetafuta ukurasa uliopotea. Kisha, labda kwa kutojua mikono yake inafanya nini, akaligonga yai ukingoni mwa sahani, akalimenya, akalila lote kwa kumega mara tatu, mbele ya macho yao.

"Mwezi nimeuona," alisema alipokwisha kumeza. "Lakini kioo kiliwaka, na mimi nimekwisha kuandika Embu. Nitawaambia ni mtoto aliyekuwa akicheza. Kioo kitabaki hapa. Darasa limefungwa mpaka nitakaposema. Elphas, utashuka mnarani uchimbe pamoja na wanawake. Na wewe," akamwonyesha Ciakuthii, "siku kumi na nne utateka maji ya kituo kila asubuhi kabla ya kazi. Utalala kwako."

Utalala kwako. Ciakuthii aliyasikia maneno hayo mawili kuliko yote yaliyotangulia, akalishika bega la Igoki. Lori lilipoingia, dereva alizungumza na Misheck kwa dakika chache, akatukana kwa ajili ya safari ya bure, akageuza na kuondoka tupu.

Mlango ukafunguliwa hapo hapo, ingawa haikuwa saa yake. Watu walitoka mbio, viondo mgongoni. Katika msongamano ule Ciakuthii alimfikia Marigu, akataka kumshika mkono. Marigu hakuuondoa mkono wake, wala hakuushika ule wa mwenzake.

"Siku mbili," alisema kwa mdomo wake uliovimba. "Nilikuwa nikisikiliza kila aliyepita nje ya ghala, nikisema moyoni, huyu ni Ciakuthii, anakuja kusema."

Kisha akafunga kanga yake vizuri kiunoni na kwenda kung'oa nduma kabla wengine hawajazimaliza.

Jumamosi Bi Hidaya hakuja. Ilisemekana kuwa pasi yake imezuiliwa mjini, na hakuna aliyejua ni kwa muda gani. Elphas alichimba kandokando ya wanawake, nao walimtania wakamwuliza safu ya udongo anayoitupa ni ya pili au ya nne. Ciakuthii alichimba, akakimbilia shamba, akapika, na bado hakulala. Hofu ya mwezi ilikuwa imemtoka, lakini usingizi haukurudi mahali pake.

Jumapili ikawa asubuhi yake ya tatu ya kuteka maji. Alipanda kutoka kijitoni na debe mgongoni, mkanda wa ngozi ukimkaza paji la uso. Jua lilikuwa limechomoza. Nyuma ya kituo alimwona Misheck amesimama peke yake, amevaa koti la kwenda kanisani, shingo ameilaza nyuma kabisa kwa sababu mwezi sasa ulikuwa juu ya utosi, mwembamba. Alikuwa ameinua ngumi. Aliisogeza kushoto, akaisogeza kulia, akafumba jicho hili, akafumba lile. Kofia ikamwanguka.

Aliposikia maji yakigonga ndani ya debe alishtuka, akaiteremsha ngumi ile sikioni, akaanza kujikuna.

Ciakuthii aliinamisha macho kama ilivyompasa. Akamimina maji katika pipa, akalijaza hadi nusu, akageuka kushuka tena kijitoni. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.